Aibu ya Bidhaa na Hiari ya Mnunuzi

Dini haiishii msikitini. Mtu husali kwa dakika chache, kisha hushinda sokoni kutwa nzima. Na huko sokoni ndiko sala yake inakopimwa. Ndiyo maana vitabu vya Hadithi vina milango mirefu juu ya kuuza na kununua, nayo Kurani Tukufu ina sura nzima iliyopewa jina la watu wanaopunja vipimo.

Katika somo hili tutatazama dhuluma moja ya biashara iliyoenea sana siku hizi, nayo ni kuuza kifaa cha elektroniki kilichokwisha kutumika, au kilichobadilishwa ndani ya boksi lake, kwa jina la kifaa kipya. Mchunguzi aweza kuuliza: je, mafundisho yaliyotolewa miaka 1,400 iliyopita, kwa watu wa ngamia na tende, yana neno gani juu ya simu na runinga? Msomaji akifuatana nasi hadi mwisho atajionea mwenyewe.

Jinsi udanganyifu huu unavyotendeka

Tuchukue mfano wa mkulima wa Kiwangwa. Sehemu hizi za Bagamoyo zinajulikana kwa mananasi, na nanasi si zao la pupa: tangu kupandwa mche mpaka kuiva tunda hupita zaidi ya mwaka mmoja. Mkulima huyu amepalilia, amengoja, amewauzia wachuuzi wenye magari, kisha amechukua sehemu ya fedha zake akaenda Dar es Salaam kununua simu. Katika mitaa ya Kariakoo anapokewa na kijana mwenye maneno matamu, mmoja wa wale waitwao mawinga, ambaye hana duka bali huwapeleka wateja kwenye maduka ya watu apate chochote. Anaonyeshwa boksi zuri, limezungushiwa nailoni inayong'aa. Anaambiwa, "Hii mpya kabisa, mzee wangu, haijaguswa na mtu." Analipa, anapanda gari, anafika nyumbani usiku.

Siku ya tatu simu haikai na chaji. Fundi wa kijijini anaifungua na kuona kwamba kioo kilikwisha kubadilishwa zamani, na namba iliyo ndani ya simu si ile iliyoandikwa juu ya boksi. Mkulima akipiga hesabu ya nauli ya kurudi mjini na siku ya kazi itakayopotea, moyo unamvunjika. Tena chini ya risiti, kama alipewa risiti, yameandikwa maneno tunayoyajua sote: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na huyu ana nafuu, maana wapo waliofungua boksi wakakuta mche wa sabuni.

Je, simu kuukuu huingiaje katika boksi jipya? Njia ni nyingi, lakini tutaje mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni ya muuzaji: hununua simu zilizochakaa, huzibadilisha kioo na ganda, huzitia katika maboksi mapya na kuzifunga upya kwa nailoni.

Njia ya pili ni ya mnunuzi, nayo huonekana zaidi katika nchi ambazo maduka hupokea bidhaa zinazorudishwa. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kukirudisha kitu chenye kasoro na kurudishiwa fedha zake zote. Hii ni haki njema. Lakini wamo watu wanaoigeuza kuwa mtego: mtu hununua kifaa kipya, hukitoa, hutia ndani ya boksi kifaa chake kibovu cha zamani chenye uzito ule ule, hulifunga vizuri na kulirudisha dukani. Mwenye duka akipima boksi kwa macho tu asilifungue, hulirudisha rafuni pamoja na vitu vipya. Kesho yake huja mtu wa tatu, asiyemjua wa kwanza wala wa pili, akalipa bei kamili ya kitu kipya na kupeleka ubovu wa mtu mwingine nyumbani kwake.

Hasara humwangukia wa mwisho

Msomaji azingatie jambo hili, kwani ndilo shina la somo letu. Kasoro iliyofichwa haiondoki duniani kwa kufichwa. Husafiri kutoka mkono hadi mkono, na kila anayeijua hujitahidi kuisukuma mbele, mpaka imfikie mtu ambaye hajui kitu. Huyo ndiye hulipa kwa ajili ya wote.

Nchi yetu imeliona jambo hili kwa macho. Mwezi Juni mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilizifungia simu bandia zisitumike tena katika mitandao. Kila simu halisi ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI, na simu ambazo namba zake hazikutambulikana zilizimwa. Simu zipatazo 630,000 zilitajwa kuwa zimefungiwa. Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 2012, ambapo simu karibu milioni 1.9 zilizimwa.

Serikali ilikuwa na sababu zake, na miezi kadhaa ya kuwaonya wananchi ilitangulia. Lakini tujiulize: asubuhi ile ni nani aliyeamka na chombo kisicho na uhai mkononi? Aliyeziingiza nchini alikuwa amekwisha kupata fedha zake, na mwenye duka la jumla vile vile. Aliyebaki na hasara ni mama muuza samaki, ni mwanafunzi, ni mkulima, waliolipa fedha halali kwa kitu walichoambiwa kuwa ni halisi.

Rundo la nafaka

Sasa turudi Madina. Imepokewa na Abu Huraira katika Sahihi Muslim kwamba Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka. Kwa juu nafaka ilikuwa kavu na nzuri. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Alipomwuliza mwenye mali, yule akaeleza kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyoloa juu, watu wapate kuiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hahesabiki kuwa wake.

Tuichunguze hadithi hii kwa makini. Yule muuzaji hakuimwagia maji nafaka yake. Mvua ilitoka mbinguni, na kuloa kwake hakukuwa kosa lake. Wala Mtume (s.a.w.) hakumkataza kuiuza. Kosa lilikuwa moja tu: kuiweka iliyoloa chini na kavu juu, yaani kumfanya mnunuzi aone asichokipata na apate asichokiona. Basi mtu asiseme, "Si mimi niliyeiharibu simu hii." Kukiharibu kitu ni jambo moja, na kuuficha uharibifu wake ni jambo jingine, na ni hili la pili ambalo muuzaji yule aliulizwa.

Nailoni inayong'aa juu ya boksi la Kariakoo ndiyo nafaka kavu juu ya rundo. Na wakulima wa Kiwangwa nao wasicheke wauza simu peke yao: anayepanga mananasi mazuri juu ya tenga na yaliyooza chini anafanya kazi ile ile, ingawa boksi lake limesukwa kwa ukindu.

Lugha yetu ya Kiswahili yenyewe imehifadhi fundisho hili. Neno kughushi tumelipata katika Kiarabu, nalo ni tendo lile lile lililotajwa katika hadithi hiyo. Neno aibu pia lina asili ya Kiarabu, na katika vitabu vya fikihi maana yake ni kasoro ya kitu, kama ufa katika chungu au kilema cha mnyama. Katika Kiswahili aibu imekuwa fedheha ya mtu. Maana hizi mbili zimekaa pamoja kwa haki: aibu ya bidhaa ikifichwa huwa aibu ya mwenye kuificha.

Haki ya kurudisha, na wajibu wa mwenye kurudisha

Neno la tatu ni hiari. Nalo lina asili ya Kiarabu, na katika fikihi ni haki ya mnunuzi au muuzaji kuchagua kati ya kuyathibitisha mauzo na kuyavunja. Iko hiari ya kikao, maadamu wawili hawajaachana. Iko hiari ya sharti, waliyopatana wenyewe kwa muda maalumu. Na iko hiari ya aibu, inayomfaa mnunuzi anapogundua kasoro ambayo hakuonyeshwa.

Mfano wake ulio bora umepokewa katika Bukhari na Muslim. Baadhi ya wafugaji walikuwa na hila: kabla ya kumpeleka mnyama sokoni walimwacha siku kadhaa bila kumkama, kiwele kikajaa, na mnunuzi akadhani mnyama huyu hutoa maziwa mengi kila siku. Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliikataza hila hiyo. Akaamua kwamba aliyemnunua mnyama wa namna hiyo, akimkama na kuujua ukweli, ana hiari: akitaka atamweka, na akitaka atamrudisha pamoja na saa moja ya tende, kipimo ambacho watu wa pwani hukilinganisha na pishi.

Katika hukumu hii fupi mna pande mbili. Upande wa kwanza unamhusu muuzaji: aliyedanganya hawezi kujikinga kwa kusema kwamba mauzo yamekwisha. Mnyama atarudi. Upande wa pili unamhusu mnunuzi: ingawa yeye ndiye aliyedanganywa, anamrudisha mnyama yule yule, tena analipa tende kwa maziwa aliyoyakama. Haki yake ya kurudisha haimpi ruhusa ya kula cha mwenziwe.

Tumlinganishe sasa na yule anayerudisha boksi lenye kifaa kibovu cha zamani. Mnunuzi wa Madina aliyedanganywa alitakiwa atoe pishi ya tende kwa maziwa machache. Huyu wa leo hakudanganywa na mtu, naye anabaki na mnyama mzima, anarudisha mzoga, na anadai fedha zote. Sura ya 83 ya Kurani Tukufu, Al-Mutaffifin, inawaonya watu ambao wakijipimia kwa wengine hutaka kipimo kitimie, bali wakiwapimia wengine hupunguza. Mtu huyu ametimiza sifa zote mbili kwa tendo moja.

Wengine hujitetea kwa kusema, "Duka lile ni la tajiri mkubwa, tena si wa dini yetu, halitaumia." Jibu la kwanza ni kwamba, kama tulivyoona, hasara hii mara nyingi haimfikii tajiri bali mnunuzi wa tatu. Jibu la pili ni zito zaidi. Katika mwaka 622, Makuraishi walipofanya shauri la kumwua Mtume (s.a.w.) akalazimika kuhama Makka, wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba alimwacha Seyidna Ali (r.a.) nyuma ili awarudishie wenyewe amana zilizokuwa zimewekwa kwake. Wenye amana hizo walikuwa watu wa mji ule ule uliotaka damu yake. Kama uadui wa namna hiyo haukuhalalisha kuzuia mali ya mtu, je, utajiri wa mwenye duka utahalalisha?

Swali gumu

Sasa tufikie swali ambalo ndilo jaribio hasa la mwenye kuamini. Mkulima wetu ameketi na simu mbovu mkononi. Hawezi kumpata winga wake. Jirani yake anaiona simu, anaipenda, anauliza bei. Nafsi inamwambia, "Mwuzie kwa jina lile lile ulilouziwa. Hukuanza wewe. Unarudisha fedha zako tu."

Hoja hii ina ladha ya haki, na kwa hiyo ni ya hatari. Lakini tuipime. Fedha zake ziko kwa winga, hazimo mfukoni mwa jirani. Akizichukua kwa jirani hajarudishiwa haki yake. Ametwaa ya mtu mwingine. Alipoingia Kariakoo alikuwa mwenye kudhulumiwa, na Mwenyezi Mungu ni Mtetezi wa mwenye kudhulumiwa. Akimwuzia jirani kwa kuficha, ametoka upande huo na kusimama upande wa winga. Ibn Majah amepokea kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.) mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba si halali kwa Mwislamu kumwuzia ndugu yake kitu chenye aibu bila kumbainishia. Hapakuulizwa aibu hiyo ilianza kwa nani. Anayeijua ndiye anayewajibika kuisema.

Je, basi hana la kufanya ila kuitupa? La hasha. Aweza kuiuza kwa jina lake la kweli: simu iliyotumika, imebadilishwa kioo, betri yake ni dhaifu, bei yake ni hii. Kuuza kitu kuukuu si haramu. Wauza nguo za mitumba wamelisha familia na kusomesha watoto kwa biashara hiyo, wala hakuna anayewaita wadanganyifu, kwa kuwa nguo yao huitwa mtumba tangu inapofunguliwa robota. Bei itapungua, ndiyo. Upungufu huo ni hasara aliyotiwa na winga, na ana haki ya kuufuatia kwake. Hana haki ya kuuhamishia kwa jirani. Mnyororo wa udanganyifu hukatika kwa mtu mmoja anayekubali kusema, "Kwangu hautapita."

Tunajua kwamba neno hili ni rahisi kuandika na ni zito kwa mtu ambaye fedha ile ilikuwa ya mavuno yake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Waswahili wamesema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sheria ya nchi na maandishi ya risiti

Mwislamu hutii sheria ya nchi yake, na katika jambo hili sheria ya nchi na ya dini huelekea upande mmoja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi kwa maelezo ya uongo juu ya bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo iliyoweka msingi wa daftari kuu la namba za simu tulilolitaja.

Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaweza kumfaa muuzaji mkweli mbele ya mteja aliyebadili nia tu. Na hata hapo, Abu Daud amepokea bishara njema kwa mwenye kukubali kumvulia ndugu yake mauzo anayoyajutia. Lakini maneno hayo yakitumiwa kama ngao ya kitu kilichofichwa aibu, hayana nguvu mbele ya Mungu. Sura An-Nisaa inahalalisha biashara kwa sharti la kuridhiana, na mtu hawezi kuridhia kitu ambacho amefichwa.

Yatupasayo kutenda

Kwa mnunuzi: usilipe kabla boksi halijafunguliwa mbele yako. Bonyeza *#06# katika simu, namba ya IMEI itatokea. Ilinganishe na ile ya boksi. Jaribu chaji, kioo, spika na kamera. Dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la duka, na uliza dhamana ni ya muda gani. Ukirudisha kitu, rudisha kile kile, na vyote vilivyokuja nacho.

Kwa muuzaji na fundi: kitu kilichorudishwa kifunguliwe na kukaguliwa kabla ya kurudi rafuni, kisha kiuzwe kwa jina lake. Andika juu ya boksi: kimetumika, kimetengenezwa, kimebadilishwa kitu fulani. Weka nafaka iliyoloa juu ya rundo.

Kwa winga, dalali na kila mwenye kula kwa ulimi wake: usikisifu usichokijua. Sura Al-Maida inaamrisha kusaidiana katika wema na inakataza kusaidiana katika dhambi, na ulimi ni msaada mkubwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu ambao ndani ya maboksi yao na juu ya maboksi yao ni kitu kimoja. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Katika hadithi ya rundo la nafaka, kosa la muuzaji lilikuwa nini, na lipi halikuwa kosa lake?
2. Kwa nini mnunuzi wa mnyama aliyejazwa kiwele alitakiwa kutoa pishi ya tende ingawa yeye ndiye aliyedanganywa?
3. Umeuziwa kifaa kibovu kwa jina la kipya, na muuzaji hapatikani. Eleza njia mbili za halali zilizobaki mbele yako, na njia moja iliyofungwa.
4. Taja maana mbili za neno aibu, na uonyeshe uhusiano wake.